Nilivyolifuata Bakuli la Mamdogo Hadija

Tangu nirudi kutoka Nduguti siwezi kwenda hata kununua nyanya bila mtu kunishika mkono. "Zainabu, bakuli ulilipata?" "Zainabu, ni kweli ulimmwagia mtu karanga?" "Zainabu, tunasikia siku hizi unaganga." Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila mmoja anaondoka na kipande chake na kukitia chumvi kadiri ya mkono wake. Naandika yote mara moja, mtapokezana. Bakuli halipo kwangu, msije kuchungulia kabatini. Na mama msimtafute, hayupo nyumbani.

Mandewa, kabla hatujatoka

Mnaonijua mnaujua ugonjwa wangu. Nakusanya mabakuli ya zamani ya kupakulia, ya kauri, ya bati, ya mti, hata ya udongo yakiwa na umbo la kueleweka, na yote nayatumia. Pilau ya nyumbani kwangu inapakuliwa kwenye bakuli lililokuwa linapakua pilau kabla mimi sijazaliwa. Mume wangu anasema kula kwangu kunataka bima, lakini anakula.

Wanaonikera ni wale wenye kabati la vioo sebuleni. Mnawajua, wengine mtasoma hapa mkijifanya si ninyi. Vyombo vya maana vimepangwa ndani, vimefungiwa kwa ufunguo, halafu mgeni akija anapakuliwa kwenye hotipoti yenye mfuniko uliopasuka na harufu ya wali wa juzi. Chombo kimewakosea nini mpaka mkifunge jela? Mimi husema bakuli lisilotiwa chakula ni kigae tu. Nimelisema hilo kwenye shughuli nyingi mpaka watu wakiniona nainua kidole wanaanza kuondoa sahani.

Sasa, babu mzaa mama alitoka Pangani kuja kufungua duka Singida, na bibi akaja na mabakuli mawili makubwa ya kauri nyeupe, ukingo wa bluu, maua mekundu ubavuni. Yalikuwa pacha. Bibi alikuwa na mabinti wawili, basi kila mmoja akapata lake. La mama lipo mpaka leo, limemeguka ukingo, ndani limejaa mikwaruzo ya vijiko, na kila Ijumaa liko mkekani. La mdogo wake, Hadija, liliondoka naye kwenda Nduguti alipoolewa na Elia, mwalimu Mnyiramba, Mkristo. Mamdogo akabadili dini, akaitwa Esta, na babu akapiga marufuku mtu wa nyumba yake kukanyaga huko.

Babu alikufa, marufuku haikufa. Mama aliirithi pamoja na kiti chake cha kamba. Mimi mamdogo nilimwona mara moja tu katika maisha yangu, nikiwa mdogo, sokoni. Alinishika shavu akataka kusema kitu, mama akanivuta mkono kama vile nimeshika moto. Mwaka huu mamdogo akafariki. Mama hakwenda kuzika. Alisema mguu unamuuma, na mguu huohuo siku chache baadaye ulimpeleka kwenye harusi ukamrudisha.

Arobaini ilipopita, tukiwa tunachambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Kaniletee bakuli la mama yangu. Sitaki lipotelee ugenini."

"Kwa nini usiende mwenyewe, mama?"

"Nimekutuma, sijakuuliza."

Tangu msiba alikuwa halali vizuri. Akiamka, kabla hata ya salamu, ni bakuli. Mchana bakuli, jioni bakuli. Niliogopa, nasema kweli. Mama ana umri wake, na niliona kwamba nikirudi bila kitu atakwenda nalo kaburini hilo neno. Na mimi pia nilikuwa na langu, sitajifanya malaika. Nilitaka pacha wakae rafu moja.

Nikachukua bakuli langu la bati jeupe, la zamani na zuri, nikalifunga kwenye kitambaa cheupe niende nalo kama badala. Sikutaka waseme watu wa mjini wamekuja kunyang'anya. Jirani yetu Saidi, anayenunua kuku vijijini na kuwauza kwa wasafirishaji, alikuwa anaelekea huko na kirikuu yake. Akaniapia kwamba adhuhuri tutaswalia Nduguti.

Mtinko

Adhuhuri tulikuwa Mtinko, na Saidi hakuwa na dalili ya mtu aliyewahi kuapa. Ilikuwa siku ya mnada. Akaniambia anashuka kidogo kuangalia matenga ya kuku, akapotea katikati ya mbuzi na mitumba kama sindano kwenye majani.

Njaa ikanitoa garini. Nikaingia kwa mama lishe mmoja, mwanamke wa rika langu, wanamwita Mama Rukia. Ugali wake wa uwele ulikuwa umeiva vizuri, mlenda wa karanga unanukia mpaka barabarani. Halafu akaupakua kwenye bakuli la plastiki la kijani lililosuguliwa na steliwaya mpaka limeota manyoya. Nilitazama manyoya yale yakielea pembeni ya mlenda nikasema hapana. Nikafungua kitambaa changu, nikatoa bakuli langu, nikamwambia anipakulie humo.

Mama Rukia akalitazama bakuli, akanitazama mimi na baibui langu jeusi, akaweka upawa chini.

"Kumbe ni mwalimu! Mbona hukusema, dada?"

"Mwalimu wa nini?"

"Wa kombe. Chombo cheupe, kitambaa cheupe, na umefunga safari. Mwenye macho haambiwi tazama."

Kwa asiyejua kombe, mwalimu huandika aya kwa zafarani kwenye chombo cheupe, akaziyeyusha kwa maji, mgonjwa akanywa. Mimi kalamu ya zafarani sijawahi kuishika, na Kiarabu changu kinaishia kwenye jina langu. Nikamwambia hivyo.

"Ndivyo mnavyosema wote," akanijibu, ameshaanza kujifuta mikono. "Wenye nacho hawajitangazi. Binti yangu yupo ndani, hapati usingizi tangu mwezi uliopita. Mwandikie hata kidogo."

"Dada, hili ni bakuli la mboga."

"Leo la mboga. Na kesho?"

Kuna watu ukikataa wanakuamini zaidi. Wakati naendelea kukana, mwanamume mmoja aliyekuwa anakunywa uji alishasogeza kiti, na mwanamke mwingine akaleta mtoto anayekohoa akamweka mapajani mwangu bila kuomba. Nikamwambia ampeleke hospitali. Akainamisha kichwa kwa heshima kubwa akasema, "Sawa, mwalimu, kama umeona hivyo." Yule angalau nilimsaidia.

Nilikula kwa haraka ya mtu anayekimbia deni, mlenda ukanichoma ulimi. Mama Rukia alikataa katakata kupokea chochote. Badala yake akaniosha bakuli mwenyewe kwa adabu zote, akaja na karanga zilizokaangwa, akataka kuzitia.

"Unakwenda kwa watu?"

"Ndiyo, Nduguti."

"Na chombo kitupu? Mkono mtupu haulambwi. Chukua hizi."

Hapo kiburi kikanipanda. Nikajiona nashuka Nduguti nimebeba karanga kama mwanafunzi wa bweni anayerudi shule. Nikamwambia asante, sihitaji, naenda kwa shughuli maalumu. Karanga mbili tatu zikaanguka tulipokuwa tunavutana. Hiyo ndiyo habari ya kummwagia mtu karanga, na aliyeikuza aibu imshike.

"Haya," akasema Mama Rukia, akizikusanya. "Utaona."

Mto wa mchanga

Kutoka Mtinko Saidi alisimama kwenye kila mji uliokuwa na kuku. Sisemi kila kijiji, nasema kila mji, nyumba kwa nyumba. Anashuka, anaulizia, analetewa kuku, anamgeuza juu chini, anampuliza manyoya ya tumboni, anasema huyu amekonda, mwenye kuku anatukanika, wanakaa kimya, mwishowe kuku anaingia tengani. Halafu wanaanza kuulizana habari za nyumbani, jambo ambalo watu wenye akili hulifanya mwanzo.

"Saidi, kuku wote hawa huwezi kuwachukua wakati wa kurudi?"

"Dada Zai, kuku wa kurudi si kuku wa kwenda."

Mpaka leo sijui maana yake, na nina uhakika hata yeye hajui.

Tulipofika kwenye mto wa mchanga, ule usio na maji isipokuwa mvua zikinyesha kwelikweli, gari likaanza kutoa moshi mbele. Saidi akafunua, rejeta ikamrushia mvuke, akaruka nyuma akiita majina yote ya Mungu anayoyajua. Hakuwa na dumu. Mtu anayezunguka wilaya nzima ya Mkalama na gari la kuchemka, hana hata dumu la maji. Kando ya mto palikuwa na kisima walichochimba wachungaji kwenye mchanga. Nilipogeuka kuwatazama ng'ombe, nikasikia kitambaa kinafunguliwa.

Saidi alikuwa ameshafika kisimani. Bakuli langu, ambalo huliosha kwa kitambaa laini na sabuni ya kipande, limezamishwa kwenye tope, linarudi limejaa maji ya kahawia, linamiminwa kwenye rejeta. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakainua vichwa.

"Saidi! Hilo ni bakuli la kupakulia chakula!"

"Bakuli si bakuli? Kazi yake kubeba." Akaenda tena kuchota. "Halafu si ni wewe uliyesema kwenye harusi ya dada yangu kwamba lisilotumika ni kigae? Nalitumia."

Wachungaji wakacheka. Mimi sikucheka. Tulikaa pale mpaka injini ipoe, kuku wanalia tengani, na mimi nasugua bakuli kwa mchanga na ncha ya mtandio nikiwalaani watu wote wanaokariri maneno ya wenzao bila ruhusa.

Nduguti

Nduguti pamechangamka. Ofisi mpya za serikali zina vigae vinavyong'aa na madirisha ya alumini, na mbele yake ng'ombe wanapita bila wasiwasi wowote wa kimaendeleo. Saidi akanishusha hapo, akasema nyumba ya mwalimu haipo mbali ila njia yake gari halipendi. Angelala kwa mwenzake wa kuku, kesho asubuhi angenifuata.

Nje ya uzio palikuwa na fundi cherehani mzee. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwuliza kwa Mwalimu Elia.

"Elia mstaafu? Yule aliyefiwa na mke?"

"Huyohuyo, baba."

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wake ni mdogo wake mama yangu. Tumbo moja."

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. Alinitazama kuanzia viatu mpaka mtandio. "Kumbe Esta alikuwa na ndugu," akasema. "Siku tunazika, padri aliuliza upande wa marehemu asimame. Akasimama jirani."

Kisha akanionyesha njia kwa mkasi, kata pale penye mashine ya alizeti, fuata uzio wa minyaa. Nilimshukuru nikaenda.

Kwa Baba mdogo Elia

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiwa vizuri. Baba mdogo Elia alikuwa ameketi barazani anapukuchua mahindi, na dada yake Naomi, mjane anayeishi naye, anapepeta. Niliwaamkia wote wawili, nikapiga goti nusu, nikajitambulisha. Baba mdogo alisimama, mahindi yakamwagika. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Karibu, mwanangu. Karibu, karibu."

Mimi, badala ya kutulia kama mgeni, nikaona nianze na adabu yangu ya mjini. Nikafungua kitambaa, nikamnyooshea Shangazi Naomi bakuli la bati kwa mikono miwili.

"Nimewaletea hili, shangazi."

Akachungulia ndani. Mikono yake haikutoka kwenye ungo.

"Lina nini?"

"Halina kitu. Ni lenyewe, ndiyo zawadi."

"Bakuli tupu?" Akamtazama kaka yake, wakasemezana Kinyiramba, halafu akanigeukia. "Mtu amefiwa, unamletea chombo kitupu? Unatuombea njaa au umekuja kukinga?"

Nikaanza kueleza kwamba ni bakuli la zamani, kwamba siku hizi hayatengenezwi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyofunga.

"Liweke chini hapo," akasema. "Halivuki kizingiti hivyo. Duka lipo pale kwenye mwembe, nenda kalitie kitu."

Basi mimi, Zainabu, mwenye nyodo zangu zote, nikatembea mpaka dukani na bakuli kichwani, nikalijaza sukari, nikarudi. Nilimkumbuka Mama Rukia njia nzima na sikumkumbuka kwa wema. Shangazi Naomi akalipokea sasa kwa mikono miwili, akapiga vigelegele kidogo, akanikumbatia kama vile ndiyo kwanza nafika. Mambo yakawa yameisha. Watu wale hawaweki kinyongo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kinyongo, kwa hiyo nilibaki sina pa kukipeleka.

Jogoo akakamatwa kwa ajili yangu. Nikawa najiuliza kimoyomoyo nitakataaje, maana nyumba ya Kikristo na mimi nataka kujua nani kashika kisu. Kabla sijapata maneno, Baba mdogo akaita juu ya uzio, "Mzee Athumani!" Akaja mzee wa kofia, na kisu chake mwenyewe, akamwelekeza jogoo kibla, akapiga bismillahi.

"Msingejisumbua kumwita mzee kwa ajili yangu," nikasema.

Mzee Athumani alifuta kisu kwenye majani. "Si kwa ajili yako, mwanangu. Mimi ndiye mchinjaji wa nyumba hii tangu huyu bwana aoe. Hata Krismasi yao nachinja mimi."

Nilidhani anatania. Wazee wa Mkalama wanatania sana na uso mkavu.

Jua lilipokuwa linashuka, jogoo yuko jikoni, nikaona huu ndio wakati. Nikasema mama amenituma, anaomba bakuli la bibi, lenye ukingo wa bluu. Nilitegemea mabishano. Nilikuwa nimepanga hoja zangu tangu Mtinko. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani, nikasikia kufuli la sanduku. Akatoka na kitu kimefungwa kwenye khanga tatu, moja juu ya nyingine, akafungua moja moja.

Jamani, lilikuwa jipya. Maua mekundu kama yamepakwa jana, ndani hakuna mkwaruzo hata wa kijiko kimoja. Pacha wake kule Mandewa ni kikongwe, huyu ni bi harusi. Na mimi, kwa mdomo uleule, nikafungua hotuba yangu.

"Kumbe mlilifungia! Miaka yote sandukuni! Afadhali mngelitumia hata likavunjika. Bakuli lisilotiwa chakula ni kigae tu, Baba mdogo. Mamdogo amekaa na kitu kama hiki na hajakitumia hata siku moja?"

Baba mdogo akatazama chini. Ni Shangazi Naomi aliyenijibu, na hakupandisha sauti.

"Esta alikuwa anakula kwenye la plastiki," akasema. "Hilo hapo ukutani, la njano. Hili alisema ni la dada yake. Lisiguswe na chakula ambacho dada yake hawezi kukila. Na kuku wa nyumba hii asichinjwe ila na Mwislamu, kwa sababu dada yake anaweza kuja siku yoyote, akute kuku ameshakuwa jikoni, akose kula. Tukamwambia, Esta, siku akija tutamwita Athumani. Akasema hapana. Akija ghafla je?"

"Kila kuku?" nikauliza.

"Mwulize mwenyewe alikuwa anachoka au hachoki."

Mzee Athumani alikuwa bado amekaa pale kwenye kigoda. "Mara nyingine nilikuwa naumwa," akasema. "Siku hizo walikula maharage."

Nililia. Sikulia kwa staha, nililia kwa kamasi, na bakuli liko mapajani kwangu. Nilikuwa nimewadharau watu hawa tangu natoka nyumbani, nimewadharau kwa karanga, kwa plastiki, kwa barabara, na kumbe aliyefungiwa sandukuni si bakuli. Ni mama yangu aliyekuwa amewekewa nafasi, na nafasi ikatunzwa hivyo mpaka mwenye kuitunza akafa.

Kurudi

Asubuhi nilikuta jogoo mwingine ameshachinjwa, amechemshwa, amekaangwa kwa mafuta ya alizeti mpaka mkavu, na bakuli la bibi limejaa. Lilikuwa limetiwa chakula kwa mara ya kwanza tangu liingie nyumba ile. Shangazi Naomi alilifunika kwa sahani, akalifunga kwa khanga moja ya mamdogo.

"Mwambie mama yako hili limetoka kwetu limejaa," Baba mdogo akasema. "Yeye ni mtu mzima, anajua bakuli linarudishwaje."

Nikaelewa kwamba silipeleki kabatini kwangu. Chombo kilichokuja kimejaa hurudi kimejaa, na hili lingerudi kwa mkono wa aliyepelekewa. Rafu yangu ilipata hasara pale barazani na nilikuwa sina hata hamu ya kubishana.

Njia nzima nililipakata. Saidi alisikia harufu akaanza maneno ya kuku wa kwenda na kuku wa kurudi, nikamwambia akithubutu kunyoosha mkono nitamtia yeye kwenye tenga. Gari lilichemka tena palepale mtoni. Safari hii alichota maji kwa kiatu chake.

Tulifika Mandewa wakati wa alasiri. Mama alikuwa uani kwenye kiti cha kamba. Alipoona khanga alijua si yangu, akaifungua mwenyewe. Alilitambua bakuli. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa bluu, duara zima, taratibu. Halafu akafunua sahani akaona kuku, uso ukabadilika.

"Nyama ya huko? Ondoa. Unajua siwezi kula. Nani kachinja?"

Nilimweleza. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Nilimweleza habari za Mzee Athumani na kisu chake, habari za maharage, habari za bakuli la njano ukutani, na yale maneno ya mamdogo, akija ghafla je. Mama hakunikatiza, yeye ambaye hukatiza hata adhana.

Akavuta bakuli mapajani, akaosha mkono, akasema bismillahi, akachukua paja.

Mama yangu mnamjua. Kula kwake ni kipapatio kimoja na lawama. Siku ile alikula paja, akala la pili, akala kidari, akafuata mgongo, anatafuna na machozi yanamdondokea humohumo ndani, hafuti. Mume wangu alikuja, akasimama mlangoni. Nikaona haachi, atajidhuru, nikanyoosha mkono nimpunguzie.

Akanisukuma mkono kwa kiwiko, bakuli amelikumbatia.

"Usiguse," akasema. "Niliwekewa mimi."